Kivu: hospitali ya Serikali, asiransi ao mutuelle? Tofauti ni siku ya kulipa

Mgonjwa anaweza kupona na bado akabaki hospitalini. Mashariki mwa Congo jambo hilo halimshangazi mtu: daktari ameruhusu mgonjwa arudi nyumbani, kitanda kinangojewa na mwingine, lakini faktire haijalipwa, na mlinzi wa mlangoni anaomba karatasi ya kutokea. Mama aliyezaa kwa kupasuliwa anaweza kubaki hapo siku nyingi pamoja na mtoto wake mchanga, huku jamaa wakizunguka mtaani kutafuta mkopo. Watafiti walieleza hali hiyo katika hospitali moja kubwa ya Lubumbashi, katika uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2019. Wakaaji wa Kadutu, Bagira ao Karisimbi hawakuhitaji uchunguzi ili waamini.

Ndiyo maana swali moja linarudi katika familia, katika vyama vya kina mama na mahali pa kazi: ni vizuri kutegemea hospitali ya Serikali na kulipa siku ya kuugua, ao kununua asiransi ya afya ya kampuni, ao kuingia katika mutuelle? Wanaouliza wanafikiri mara nyingi kwamba wanachagua kati ya kitu cha bure na kitu cha bei kali. Hesabu haiko hivyo. Katika nchi hii njia zote tatu zinalipwa na raia. Kinachobadilika ni lini analipa, analipa pamoja na nani, na ni hospitali gani itamfungulia mlango siku ile.

Ya Serikali, lakini si ya bure

Congo imegawanywa katika zone za afya 519. Kila zone ina vituo vyake vya afya, na juu yake hospitali kuu ya rufaa. Juu zaidi kuna hospitali ya jimbo. Kwenye karatasi ni mpango mzuri: mtoto mwenye homa anaanzia kwenye kituo cha afya cha karibu, na ugonjwa ukizidi anatumwa mbele. Lakini neno « ya Serikali » lisimdanganye mtu. Tangu miaka ya 1980, Serikali ilipopunguza pesa zake katika afya, na hasa baada ya mawaziri wa afya wa Afrika kukubaliana huko Bamako mwaka wa 1987 kwamba wakaaji wachangie bei ya dawa na matunzo, vituo vya afya vimeishi kwa pesa za wagonjwa. Wauguzi wengi hawamo kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Wengine wanapata marupurupu kidogo tu. Pesa inayoingia kwenye dirisha la malipo ndiyo inayonunua glovu, mafuta ya jenereta, na chakula cha jioni cha muuguzi mwenyewe.

Jambo hilo halihalalishi kumfungia mzazi ndani. Ila linaeleza kwa nini mkurugenzi wa hospitali anasita kumwachilia mtu bila malipo: wagonjwa kumi wakiondoka na deni, kuna wafanyakazi ambao mwezi huo hawatapata kitu. Mgonjwa na muuguzi wanapogombana mbele ya dirisha la malipo, wote wawili wanadai kutoka kwa mtu ambaye hayupo chumbani, yaani Serikali. Mwezi wa Aprili 2001, viongozi wa Afrika waliahidi huko Abuja kwamba wataweka asilimia 15 ya bajeti za nchi zao katika afya. Congo iko mbali sana na kiasi hicho. Kwa hiyo sehemu kubwa ya gharama za afya nchini, karibu asilimia 40, inatoka moja kwa moja mfukoni mwa familia.

Jambo lingine linalochanganya watu ni mwenye hospitali. Katika Kivu, mpaka kati ya « ya umma » na « ya binafsi » hauonekani vizuri. Hospitali kuu ya jimbo huko Bukavu ni ya Serikali, lakini usimamizi wake umekabidhiwa jimbo kuu katoliki. Panzi, hospitali ambayo Daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka wa 1999, ni ya kanisa la CEPAC, na wakati uleule ni hospitali kuu ya rufaa ya zone ya afya ya Ibanda. Huko Goma, hospitali ya Virunga ni ya CBCA na inafanya kazi ndani ya mpango wa zone. Mtu akisema « mimi natunzwa kwa Serikali », mara nyingi anatunzwa na kanisa; na akisema « nilienda kwa binafsi », pengine alikuwa katika kliniki ndogo ya vyumba vitatu isiyo na daktari wa upasuaji, ambayo itamtuma kwenye hospitali kuu usiku uleule.

Yule anayechagua njia ya kulipa siku ya kuugua anafaa kujua jambo moja juu ya bei. Kuna vituo vinavyotoza bei moja ya jumla, ambamo mna kumwona daktari, vipimo na dawa. Na kuna vingine vinavyohesabu kila kitu peke yake: karatasi, kipimo, sindano, serum, kitanda, hata pamba. Katika vile vya kwanza mtu anajua mbele ya kuingia atalipa ngapi. Katika vile vya pili hakuna anayejua, hata muuguzi mwenyewe, mpaka siku ya mwisho. Familia nyingi zinakimbilia duka la dawa la mtaani si kwa kukosa akili, bali kwa sababu pale angalau bei inasemwa kwanza.

Kwamba bei ndiyo inayofunga mlango, si ujinga wala uchawi, ilionekana wazi mwaka wa 2018 katika Équateur. Ebola ilipotokea huko, Serikali iliondoa malipo kwa muda katika zone zilizoguswa. Watafiti waliofuatilia hesabu za vituo walikuta kwamba idadi ya watu waliokuja kutunzwa ilipanda zaidi ya mara mbili. Wagonjwa wale hawakuzaliwa na tangazo la Serikali. Walikuwapo siku zote, nyumbani kwao.

Uzazi wa bure: uliza kwanza

Serikali inasema kwamba mambo yanabadilika. Sheria ya tarehe 13 Desemba 2018 juu ya afya ya umma iliweka msingi wa mpango wa afya kwa wote, ule unaojulikana kwa jina la CSU, na mfuko wa mshikamano wa afya ukaundwa ili ulipe hospitali kwa niaba ya raia. Mwezi wa Septemba 2023, huko Kinshasa, Rais Félix Tshisekedi alizindua hatua ya kwanza: kuzaa bila malipo, pamoja na matunzo ya mtoto mchanga mpaka siku 28. Mpango ulipaswa kuenea jimbo kwa jimbo.

Ni jambo kubwa, na haifai kulidharau. Kuzaa kwa kupasuliwa ni moja ya sababu kubwa za madeni ya hospitali, na hakuna mama anayeweza kujua mapema kama atahitaji kisu. Lakini hospitali inatunza kwanza, kisha inangoja kulipwa na mfuko. Pesa ikichelewa, na hospitali za Kinshasa zimekwisha kulalamika juu ya kuchelewa huko, dawa zinakwisha, na bila kelele mgonjwa anaombwa anunue hiki na kile. Tena, mpango huu ni wa vituo vilivyoandikishwa tu. Mwanamke mwenye mimba asitegemee kilichosemwa redioni juu ya Kinshasa; aulize kwenye kituo chake, wakati wa kupimwa mimba, kama wamo ndani ya mpango, na kama kupasuliwa kumehesabiwa. Kuuliza siku ya uchungu ni kuchelewa.

Kuna matunzo mengine ambayo ni ya bure hata bila mpango huo mpya, na inashangaza ni watu wangapi bado wanayalipa: chanjo za kawaida za watoto, dawa za kifua kikuu, dawa za kupunguza nguvu ya virusi vya UKIMWI. Waliojeruhiwa na vita na waliobakwa wana pia vituo vinavyowatunza bila malipo, kama Ndosho kwa majeruhi ao Panzi kwa waliotendewa ukatili wa kingono. Kabla familia haijalipa asiransi yoyote, ijue kwanza ni nini ambacho haipaswi kulipia.

Kadi ya asiransi, na anayeilipa

Kwa miaka mingi, asiransi Congo ilikuwa na jina moja tu: SONAS, kampuni ya Serikali iliyoundwa mwaka wa 1966. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, na tangu mwaka wa 2019 kampuni za binafsi zimepewa ruhusa na ARCA, mamlaka inayosimamia kazi ya asiransi. Kampuni hizo zinauza asiransi ya gari, ya moto, ya maisha, na pia ya afya. Mwenye kadi ya afya anaingia katika hospitali iliyo kwenye orodha ya kampuni, anaonyesha kadi, anatunzwa, na kampuni inalipa hospitali baadaye. Mikononi mwa mtu aliyezoea kuhesabu noti mbele ya dirisha la malipo, kadi hiyo inaonekana kama muujiza.

Lakini nani ananunua? Karibu kila mara ni mwajiri: benki, kampuni ya simu, kampuni ya madini, shirika la kimataifa. Bei inahesabiwa kwa dola, na kwa mtu mmoja inaweza kufika mamia kwa mwaka. Kwa mwalimu, muuza samaki wa Kituku ao motari, hiyo si bei ya kufikiria mara mbili. Ni bei ya kuachana nayo.

Hapa kuna haki moja ambayo wafanyakazi wengi hawaijui. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri kumtunza mfanyakazi wake na familia yake wanapougua, kwa muda wote wa mkataba. Si zawadi ya patron. Wengine wanatimiza wajibu huo kwa kutoa bon ya kwenda hospitali fulani, wengine kwa kurudisha pesa baada ya kuonyeshwa risiti, wengine kwa kununua asiransi. Walio wengi, hasa katika maduka, mahoteli, shule za binafsi na nyumba za watu, hawafanyi lolote, na mfanyakazi hadai kwa sababu anaogopa kufukuzwa. Kisha kuna wanaofikiri kwamba CNSS, ile inayokatwa kwenye mshahara, italipa hospitali. Haitalipa malaria wala operesheni ya kawaida. CNSS inashughulikia uzee, ajali na magonjwa yanayotokana na kazi, na posho za familia.

Kwa hiyo, kwa aliye na mwajiri mkubwa, swali la kununua asiransi halipo. Lililopo ni kuangalia mwajiri amenunua nini. Mikataba ina sehemu ambazo hazisomwi siku ya kutia sahihi. Kuna kiasi cha juu kwa mwaka, na kikifikiwa, mgonjwa anarudi kuwa mtu wa kawaida mbele ya dirisha. Kuna magonjwa yasiyolipwa, mara nyingi yale ambayo mtu alikuwa nayo mbele ya kuandikishwa: kisukari, shinikizo la damu, figo. Kuna muda wa kungoja kwa uzazi. Na kuna orodha ya watoto: asiransi ya Congo inaweza kutaja idadi ya watoto na umri wao, wakati familia ya Kikongomani ina pia mtoto wa dada aliyefariki na bibi aliyekimbia vita, ambao hakuna mkataba uliowataja.

Tena, asiransi inafaa kiasi ambacho hospitali inaiamini. Kampuni ikichelewesha malipo miezi mitatu, hospitali inaanza kukataa kadi zake, na mgonjwa ndiye anayepata habari, akiwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

Mutuelle: likelemba ya ugonjwa

Wakaaji wa Kivu hawahitaji kufundishwa kuweka pesa pamoja. Likelemba iko katika kila soko, vyama vya akiba na mikopo viko katika kila mtaa, na msiba ukitokea daftari la michango linazunguka hata kabla ya jeneza kununuliwa. Mutuelle ya afya ni wazo lilelile, ila pesa inatolewa mbele, wakati hakuna anayeugua.

Na si wazo lililoletwa jana na mashirika. Moja ya mifano ya kwanza iliyojulikana katika Afrika nzima ilianza hapa nchini, Bwamanda, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Sud-Ubangi, mwaka wa 1986. Familia nzima iliandikwa pamoja, mchango ulikusanywa mara moja kwa mwaka, wakati watu wameuza mazao yao na wana pesa mkononi, na mwanachama aliyelazwa hospitalini alilipa asilimia 20 tu ya hesabu. Miaka michache baadaye, zaidi ya nusu ya wakaaji wa zone walikuwa wameingia. Wanachama walilazwa hospitalini karibu mara mbili kuliko wasio wanachama, si kwa sababu waliugua zaidi, bali kwa sababu waliweza kufika. Yote hayo katika Zaïre ya wakati ule, pesa ikipoteza thamani kila mwezi.

Katika Kivu ya Kusini, mutuelle nyingi zilikua kwa msaada wa BDOM, ofisi ya afya ya jimbo kuu la Bukavu, mjini na pia vijijini. Walimu wa shule za Serikali wana ya kwao, MESP, ambayo haijafika majimbo yote. Na tangu tarehe 8 Februari 2017 kuna sheria maalumu juu ya mutuelle: chama lazima kipate ruhusa, kiwe na mkutano mkuu wa wanachama, na pesa ziwe za wanachama, si za mwanzilishi.

Hesabu yake ni rahisi, na inafaa kuifanya polepole. Tuchukue mfano tu, si bei ya mahali fulani. Familia ya watu 6 inalipa dola 10 kwa kila mtu kwa mwaka, yaani dola 60. Hiyo ni zaidi kidogo ya dola 1 kwa wiki. Mama anapasuliwa, hesabu inafika dola 240. Mutuelle inalipa robo tatu, dola 180. Familia inabakia na 60. Mwaka ule imetoa dola 120 badala ya 240, na zaidi ya yote haikuuza mbuzi ao kiwanja usiku. Mwaka unaofuata hakuna anayeugua sana, na dola 60 « zimepotea ». Hapo ndipo wengi wanajitoa.

Lakini hazikupotea: zimemtoa mwingine hospitalini. Familia 100 zikilipa, kisanduku kina dola 6,000. Operesheni 10 za aina ile zinakula 1,800, na inabaki ya kutosha kwa malaria, nimonia na kazi ya ofisi. Sasa familia 80 zilizo na afya zijitoe, zibaki 20, hasa zile zenye wagonjwa na wenye mimba. Kisanduku kina dola 1,200. Operesheni 6 tu zinachukua 1,080. Mwezi wa saba mutuelle haina kitu, hospitali inakataa wanachama, na watu wanasema wameibiwa. Wakati mwingine wameibiwa kweli. Mara nyingi ni hesabu hiyo tu.

Ndiyo maana mutuelle nzuri ina masharti yanayoudhi. Inakataa kumwandika mama peke yake bila watoto na baba. Inaweka muda wa kungoja, mara nyingi miezi mitatu, ili mtu asije kuandikishwa akiwa ndani ya ambulansi. Inamtaka mgonjwa aanzie kwenye kituo cha afya na kupewa karatasi ya rufaa. Mutuelle inayokubali kila mtu, siku yoyote, kwa ugonjwa wowote, ndiyo ya kuogopa.

Udhaifu wake mkubwa ni mwingine: imefungwa kwa mahali. Mara nyingi imefanya mapatano na hospitali chache za karibu. Mwanachama akiugua safarini, kadi yake ni karatasi tu. Na pale ambapo kituo cha afya kina muuguzi mmoja na rafu tupu, mutuelle inamsaidia mtu kulipa bei ndogo kwa matunzo mabaya. Watu wanaligundua hilo haraka kuliko wataalamu, na wanaacha kulipa.

Vita, benki na mpaka

Mwezi wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, Bukavu ikafuata mwezi wa Februari. Benki zilifunga milango. Mchango wa mutuelle, mshahara wa muuguzi, malipo ya kampuni ya asiransi kwa hospitali, vyote hivyo vinahitaji pesa ipite mahali fulani. Familia iliyokuwa inalipa kwa mwaka mzima ilijikuta inahesabu siku kwa siku. Nyingine ilihama na kuiacha hospitali iliyoandikwa kwenye kadi yake. Wakati wa namna hii mashirika ya misaada yanatunza bila malipo katika vituo kadhaa, jambo linalookoa watu, ila linaondoa pia hamu ya kuchangia. Shirika likiondoka, mutuelle inaanza tena kutoka sifuri.

Ng'ambo ya mpaka, huko Gisenyi na Cyangugu, kuna jirani ambaye Wakongomani wanamtaja kila mara swali hili linapozuka. Katika Rwanda mutuelle ni lazima kwa asiye na asiransi nyingine, tangu mwaka wa 2015 inasimamiwa na RSSB, ofisi ya Serikali ya usalama wa jamii, na wakaaji walio wengi sana wamo. Kwenye hospitali mwanachama analipa asilimia 10. Mkongomani anayevuka akiwa mgonjwa hahesabiwi humo. Analipa bei kamili. Kinachofaa kuangaliwa pale ni mambo mawili: kila mtu anaingia, mzima na mgonjwa, na Serikali inamlipia maskini kabisa. Mutuelle za Kivu zinakosa yote mawili. Ni za hiari, na fukara hana anayemlipia, isipokuwa parokia ao ndugu aliye Ulaya.

Nani achague nini

Basi mtu aliye na mwajiri mwenye nguvu adai haki yake, asome mkataba, na aangalie kama hospitali anayoiamini iko kwenye orodha. Kununua asiransi ya kampuni kwa mfuko wake mwenyewe kunafaa kwa mfanyabiashara ao mtaalamu mwenye pato la uhakika, tena anayesafiri. Kwa wengine ni kubeba deni ili kukimbia deni. Kwa familia inayoishi kwa soko, shamba, ualimu ao pikipiki, mutuelle iliyo na ruhusa, yenye mapatano na hospitali nzuri ya karibu, ndiyo inayobaki na maana, hata na kasoro zake zote. Kukaa bila kitu na kungoja siku ya ugonjwa ni bei kali kuliko zote. Ndiyo njia inayotumiwa na walio wengi, kwa sababu ndiyo isiyoomba kitu leo.

Mbele ya kutoa mchango wa kwanza, mtu aende hospitalini, si kwenye ofisi ya mutuelle. Pale kwenye dirisha la malipo aulize mhasibu swali moja: mutuelle hii inawalipa kwa wakati? Mhasibu atajibu mara moja, kwa sababu yeye ndiye anayeidai. Aulize pia wanachama walioko kitandani walibakiwa na kiasi gani. Kisha arudi kwenye ofisi na kuomba aone karatasi ya ruhusa, tarehe ya mkutano mkuu wa mwisho, na orodha ya magonjwa yasiyolipwa. Anayemficha orodha hiyo leo atamsomea siku ya operesheni.

Na aangalie kalenda. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minne akiandikishwa wiki hii, muda wa kungoja wa miezi mitatu utakwisha akiwa na miezi saba, na atazaa akiwa mwanachama kamili. Akingoja mpaka mwezi wa saba, atalipa mchango wote wa mwaka, na siku ya kuzaa atalipa faktire nzima pia.